Mzazi Mwenye Ulemavu Amekataliwa Malipo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi na Lamu

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wana na mabinti wanaomfuatilia mzazi malipo ya ugonjwa au ulemavu, tangu Watamu na Marereni hadi Amu (mji wa Lamu) na Pate. Majibu yanahusu sheria za Kenya. Unaweza kuruka hadi swali linalokuhusu. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, utaelekezwa nambari.

## Kabla hujaandika lolote

1. Babangu ameambiwa "hustahili". Tuanzie wapi?

Anza kwa kuuliza ni mfuko gani uliomkataa. Kenya haina malipo mamoja ya ugonjwa yanayomhusu kila mtu. Aliyeumia kazini hudai fidia kwa mwajiri chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Aliyekuwa akikatwa michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na sasa hawezi kazi tena hudai mafao ya ulemavu huko NSSF. Mtumishi wa serikali aliyestaafishwa kwa maradhi yuko chini ya Idara ya Pensheni. Na mzazi asiye na kitu, mwenye ulemavu mkali, hata kama hajawahi kuajiriwa maishani, anaangukia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasio na uwezo.

Kila mfuko una ofisi yake na muda wake wa kulalamika, na watu hupoteza miezi kwa kubisha mlango usio wao. Utamkuta mtu aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi anamfuata chifu kwa ajili ya Inua Jamii, huku muda wa kudai fidia ya kazini unayoyoma (swali la 11). Jueni pia kwamba mzazi mmoja anaweza kuwa na haki mahali pawili: kulipwa fidia na mwajiri hakumfutii michango yake ya NSSF.

2. Tumejibiwa kwa mdomo tu, dirishani. Tutakataje rufaa?

Jibu la dirishani halikatiwi rufaa. Ombeni uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo mtu yeyote ambaye uamuzi wa ofisi ya umma umemdhuru, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 ikaieleza zaidi. Zaidi ya hapo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi la habari iliyo nayo, na faili la baba yako ni habari.

Barua isiwe ndefu. Kitu kama hiki kinatosha: "Mimi ni fulani, nambari ya kitambulisho ni hii. Tarehe fulani niliambiwa ofisini kwenu kuwa ombi langu limekataliwa. Naomba nipewe uamuzi huo kwa maandishi, sababu zake, na nakala ya ripoti ya daktari mliyoitegemea." Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akikataa kugonga muhuri, itume kwa posta ya rejista na utunze risiti. Karatasi ile yenye muhuri ndiyo itakayosema siku ya mabishano kuhusu nani alichelewa.

3. Je, mimi mwana naweza kumfuatilia, au lazima aende mwenyewe?

Unaweza, mradi ameridhia. Andikeni barua ya idhini inayotaja jina lako, nambari ya kitambulisho chako na jambo unalomfuatilia. Atie sahihi, au dole gumba ikiwa mkono hauandiki. Dole gumba liwe na shahidi asiye ndugu, na ni bora zaidi barua ikipitishwa kwa kamishna wa viapo. Beba kitambulisho chake halisi pamoja na fotokopi, maana ofisi nyingi hutaka kuviona vyote viwili.

Ikiwa mzazi haelewi tena anachotilia sahihi, usimshike mkono ukamwekea dole. Hilo lina njia yake, swali la 17.

4. Kukata rufaa kunagharimu kiasi gani?

Kupinga uamuzi wa WIBA kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini hakuhitaji wakili. Kulalamika kwa Inua Jamii ni bure, na kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman, ni bure vilevile. Gharama zenyewe ni nauli, fotokopi, na ripoti ya daktari mkihitaji ya pili. Kesi ikifika mahakamani ndipo gharama zinapopanda, na hapo ulizeni msaada wa kisheria unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kwa wasio na uwezo. Kituo cha Sheria nacho kina ofisi Mombasa.

Yule kijana anayezungukazunguka karibu na ofisi akikuahidi "kulisukuma faili" kwa asilimia kumi, muepukeni. Hana faili lolote analolisukuma.

## Ushahidi wa maradhi

5. Mbona ripoti inasema mamangu "anaendelea vizuri" ilhali hawezi hata kuinuka?

Nikiulizwa ni jambo gani linalowaangusha wazee wetu wa pwani kuliko yote, nitataja hili, na halimo katika sheria yoyote.

Mama analetwa hospitali amevaa buibui lake la kutokea, amefukizwa udi, kanga imekunjwa vizuri magotini. Daktari anamwuliza, "Hujambo, Mama? Waendeleaje?" Naye, kwa malezi yake, anajibu, "Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi, naendelea vyema." Daktari ana watu arobaini kwenye foleni. Anaandika alichosikia. Siku nyingine afisa ambaye hajawahi kumwona anafungua faili na kusoma: mgonjwa anaeleza kuwa anaendelea vizuri. Hakuna aliyesema uongo hapo, lakini dai limekwisha.

Zungumza na mzazi nyumbani, kwa utulivu, kabla ya siku yenyewe. Mwambie salamu aijibu kama alivyofundishwa, lakini daktari akiuliza habari za mwili, hiyo si salamu tena. Omba uingie naye chumbani. Kisha sema wazi: "Daktari, mamangu hatakwambia mwenyewe. Naomba umwulize anainukaje kitandani, na nani anamwosha."

Angalia pia neno "anaweza". Baba anaweza kupanda ngazi? Anaweza, akishikwa na watu wawili, kisha analala siku mbili. Wenye nyumba za ghorofa za Amu mnajua ngazi zile zilivyo nyembamba na zilivyosimama. Mzee aliyekaa juu tangu Ramadhani kwa sababu kushuka ni shughuli ya mtaa mzima, hilo liandikwe. Anaswali? Ndiyo, lakini kwa ishara akiwa kitandani, baada ya kutayamamishwa. Neno "ndiyo" peke yake humfanya aonekane mzima.

Wala msitie chumvi. Ukiandika kuwa hatembei kabisa, kisha mtu akamwona Ijumaa mlangoni mwa msikiti akijikongoja na gongo, hata yale ya kweli hayataaminiwa.

6. Tunaambiwa tuweke daftari. Tuandike nini?

Andikeni siku ya kawaida, si siku mbaya kuliko zote. Wiki tatu au nne zinatosha. Andikeni vitendo na muda, si huruma. Mfano wa ukurasa mmoja:

"Jumatatu. Kaamka alfajiri, hakuweza kuketi. Nimemwinua mimi, Saidi kashika miguu. Kuoshwa kwa beseni, dakika arobaini. Kanywa uji kwa mkono wa kushoto, nusu umemwagika kifuani. Saa nne kaomba msalani, hatukuwahi. Mchana kalala. Usiku kaita mara tatu kugeuzwa ubavu."

Ukurasa kama huo unamweleza afisa mambo ambayo ripoti yenye Kilatini haitamweleza. Tieni tarehe kila siku, na aliyeandika aweke jina lake.

7. Ripoti nzuri ya daktari iwe na nini?

Iwe na jina la maradhi na tarehe yalipoanza, tiba aliyopewa, na kama hali ni ya muda au ya kudumu. Iwe na kile asichoweza kufanya, si jina la ugonjwa tu: "kiharusi" kimempata pia mtu aliyerudi kazini. Kama mfuko unataka asilimia ya ulemavu, itajwe. Chini pawe na jina la daktari, nambari yake ya usajili, sahihi, muhuri na tarehe.

Kisha jambo linalosahaulika: ripoti ijibu sababu ya kukataliwa. Ukikataliwa kwa kuwa "ulemavu si wa kudumu", usirudi na ripoti inayorudia jina la maradhi. Mpelekee daktari barua ya kukataliwa aisome, na umwombe aeleze kwa nini anaona hali haitarudi. Daktari aliyemtibu tangu mwanzo, hata akiwa wa hospitali ya Malindi au King Fahd pale Amu, mara nyingi ana uzito kuliko bingwa aliyemwona dakika kumi.

8. Ana kadi ya NCPWD. Si inatosha?

La. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu inathibitisha kuwa amepimwa na kusajiliwa; haimwingizii pesa yenyewe. Hupatikana baada ya kupimwa na jopo la madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Faida yake kwa rufaa ni kwamba ripoti ya jopo hilo ni ushahidi wa watu huru, ambao mwajiri hakuwachagua. Ambatisha ripoti nzima, si fotokopi ya kadi.

Ikiwa mzazi bado ana mshahara, kadi ni hatua ya kuomba msamaha wa kodi ya mapato, ambao chini ya agizo la 2010 ulihusu shilingi 150,000 za mwanzo kwa mwezi. Huo huombwa peke yake.

## Aliumia kazini

9. Fidia ya WIBA huhesabiwaje?

Kwa ulemavu wa kudumu, mshahara wa mwezi huzidishwa kwa 96, kisha jumla huchukuliwa kwa asilimia ya ulemavu aliyopewa. Tuseme baba alikuwa akipata shilingi 20,000. Mara 96 ni 1,920,000. Akipewa asilimia 20, anapata 384,000. Akipewa asilimia 35, ni 672,000. Kwa hivyo tofauti ya alama 15 kwenye fomu ya daktari ni shilingi 288,000. Ndiyo maana mabishano mengi huwa juu ya asilimia.

Hesabu ina mguu wa pili: mshahara wenyewe. Angalieni kama walitumia mshahara aliokuwa akipata kweli. Hati za mshahara, taarifa za benki au ujumbe wa M-Pesa wa kila mwisho wa mwezi vyote vinasaidia. Matibabu, usafiri wa kwenda hospitali na viungo bandia ni mzigo wa mwajiri, mbali na fidia hii, kwa hivyo tunzeni risiti.

10. Asilimia tuliyopewa ni ndogo mno. Tuna muda gani?

Siku 60 tangu uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ndani ya siku hizo mnawasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo. Watu hushangaa: vipi nimpelekee aliyenikataa? Ndivyo sheria ilivyopanga. Yeye ana siku 14 kujibu kwa maandishi, ama kubadilisha uamuzi wake au kuushikilia. Msiporidhika na jibu, mna siku 30 tangu kulipokea kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba, na wa Malindi hawahitaji kusafiri hadi Mombasa, kwani mahakama hiyo huketi hapo hapo.

Pingamizi liambatane na kitu kipya. Kusema "asilimia ni kidogo" bila ripoti ya daktari wa pili ni kumwomba afisa ajirudie. Tafuteni daktari mwingine ampime, aeleze tofauti yake na ripoti ya kwanza iko wapi. Lakini msingoje ripoti hadi siku ya 60 ipite. Wasilisheni pingamizi kwanza, mkieleza kuwa ripoti inafuata.

Msikimbilie kumshtaki mwajiri moja kwa moja mahakamani kama ilivyokuwa zamani. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kuwa madai haya yanaanzia kwa Mkurugenzi.

11. Mwajiri hakuripoti ajali. Anasema baba alikuwa kibarua tu.

Kibarua naye ni mwajiriwa, iwe alikuwa akikwangua chumvi huko Gongoni au akibeba mawe kwenye jengo la mtu. Sheria inaangalia kama alifanya kazi kwa ujira, si kama alikuwa na barua ya kuajiriwa. Mwajiri anatakiwa aripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu kuijua. Ikiwa mtu amekufa, ni saa 24.

Asiporipoti, nendeni wenyewe ofisi ya leba iliyo karibu, mweleze mpewe fomu za WIBA au muelekezwe kwa afisa wa usalama kazini. Haki ya kudai hufifia dai lisipowasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kusanyeni majina ya waliokuwepo, ujumbe wa malipo, karatasi ya hospitali ya siku ile. Karatasi hiyo ichunguzeni: ikiwa imeandikwa "alianguka nyumbani" kwa sababu msimamizi ndiye aliyemleta na kutoa maelezo, mwombeni daktari mapema aandike maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

12. Wanasema ni uzembe wake mwenyewe.

Uzembe wa kawaida haumnyimi. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumzuii ikiwa ajali imemwachia ulemavu mbaya au imemuua.

13. Baba ni mvuvi. Nani mwajiri wake?

Ikiwa mashua ni yake, hakuna mwajiri, na WIBA haimhusu. Ikiwa alikuwa baharia wa kulipwa kwenye chombo cha mtu, anahusika. Ugumu uko kwa wanaolipwa kwa mgao, kama ilivyo desturi ya vyombo vingi vya Amu na Pate. Hapo swali ni nani aliyekuwa na amri: nani aliamua siku ya kutoka, nani alimiliki nyavu na mashine, nani angeweza kumfukuza. Mwenye chombo atasema walikuwa washirika. Jibuni kwa ushahidi wa mabaharia wenzake na wa kikundi cha wavuvi cha ufukwe wenu, kilicho na rekodi za vyombo na samaki. Kesi za aina hii zinahitaji wakili.

## NSSF na pensheni

14. NSSF imesema hana sifa za mafao ya ulemavu. Tufanyeje?

Ulizeni ni sifa ipi iliyokosekana, kwa sababu kuna mbili kubwa. Ya kwanza ni ulemavu wa kudumu uliothibitishwa na jopo la madaktari. Ya pili, kwa pensheni ya ulemavu chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, ni michango ya miezi 36 iliyotangulia ulemavu.

Ikiwa tatizo ni la kwanza, rudini maswali ya 5 hadi 7. Ikiwa ni la pili, ombeni taarifa ya michango na muipitie mwezi kwa mwezi mkiwa na hati za mshahara pembeni. Hoteli za ufukweni hufunga msimu wa chini na kuwarudisha watu msimu wa juu, na kuna waajiri waliokata pesa kwenye mshahara wasizipeleke. Mwezi ambao hati inaonyesha makato na taarifa ya NSSF haionyeshi kitu ni mwezi wa kudai kwa mwajiri, na NSSF ina wakaguzi wa kumfuata. Msikubali kesi ifungwe kwa sababu ya deni la mtu mwingine.

NSSF yenyewe isipowasikiza, malalamiko huenda kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, na uamuzi wa RBA unaweza kukatiwa rufaa kwenye baraza lake la rufaa ndani ya siku 30.

Kwa mwalimu, askari au karani wa serikali aliyestaafishwa kwa maradhi, cha kugombania mara nyingi ni uamuzi wa bodi ya madaktari. Njia ya kuomba maandishi ni ile ya swali la 2.

## Inua Jamii

15. Mamangu hainuki kitandani, lakini hayumo orodhani.

Sehemu ya Inua Jamii ya watu wenye ulemavu mkali ni ya nyumba zisizo na uwezo ambazo zina mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hupokewa na mlezi kwa niaba yake. Kukosa kunaweza kutokana na mambo matatu tofauti: hakuandikishwa kabisa, aliandikishwa akaonekana hafikii kiwango, au anafikia lakini nafasi zimejaa. Msiondoke ofisini kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo bila kujua ni lipi.

Akiwa hakuandikishwa, zungumzeni na chifu au naibu wake, na mjue zoezi lijalo ni lini. Akiwa alikataliwa, jazeni fomu ya malalamiko mkiambatisha ripoti na daftari. Nambari ya bure ya malalamiko ya mpango huu ni 1533. Nafasi zikijaa, rufaa haitazalisha nafasi, na afadhali mwambiwe hivyo waziwazi kuliko kuzungushwa. Hakikisheni tu jina limo, na mpate uthibitisho.

Mzee wa mtaa anajua nani hali yake ikoje, lakini hana mamlaka ya kumkataa mtu.

16. Alikuwa akipata, sasa malipo yamesimama.

Kwanza tazameni kama ni yeye peke yake. Malipo yakichelewa kwa mtaa mzima, hakuna cha kukatia rufaa. Akiwa peke yake, sababu za kawaida ni mlezi aliyefariki au kuhama, laini ya simu iliyofungwa au iliyosajiliwa kwa jina lingine, kitambulisho kisicholingana na rejista, au kukosa zoezi la kuthibitisha kuwa bado yu hai. Mengi kati ya haya hutatuliwa kwa kurekebisha taarifa. Kubadilisha mlezi huhitaji kitambulisho cha mlezi mpya, pamoja na chifu kuthibitisha.

Swali hili huja nalo: je, akifika miaka 70 atapata na ya wazee? Hapana, mtu mmoja hapokei mara mbili. Mwenye pensheni pia hahesabiwi katika sehemu ya wazee.

## Mambo magumu

17. Baada ya kiharusi, baba hatambui watu. Nani atie sahihi?

Hati ya uwakilishi aliyotoa mtu asiyeelewa haina nguvu. Kwa fedha kubwa, kama fidia ya WIBA, njia salama ni kuomba Mahakama Kuu imteue mtu wa kusimamia mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Malindi ina Mahakama Kuu. Wa Lamu wengi huelekezwa Garsen. Familia ikae kwanza ikubaliane ni nani, kwa sababu ndugu mmoja akipinga, ombi hurefuka. Kwa Inua Jamii hakuna haja ya kwenda mahakamani, kwani mpango wenyewe unamtambua mlezi.

Wakati hilo linafuatiliwa, saa ya rufaa haisimami. Wasilisheni pingamizi kwa jina lake mkieleza hali yake na mkiambatisha ripoti ya daktari.

18. Tunaishi Kiunga. Kufika Mokowe, kwenye ofisi za kaunti, ni safari, na kumbeba mgonjwa hatuwezi.

Msimbebe mkiweza kuepuka. Karatasi zinaweza kusafiri na mtu mmoja mwenye idhini (swali la 3), na malalamiko kwa Ombudsman hupokewa kwa barua au barua pepe. Kinachodai mwili wake ni kupimwa. Andikeni mapema kuomba apimwe hospitali iliyo karibu au nyumbani, mkieleza chombo, bahari ya kusi na hali yake. Wakikataa, mna barua ya kuonyesha kuwa hakufika kwa sababu, si kwa kupuuza. Mkishikwa na safari, kusanyeni shughuli zote siku moja: Huduma Centre, hospitali, na saiba ya kuskani faili nzima, ili nakala ibaki kwenye simu za watu wawili.

19. Mzazi amefariki rufaa ikiwa njiani. Imekufa naye?

Inategemea mfuko. Inua Jamii husimama. Toeni taarifa kwa chifu, kwani kuendelea kupokea ni kosa. NSSF ina mafao ya warithi. Kwa WIBA, ikiwa kifo kimetokana na ajali ile, waliomtegemea wana dai lao wenyewe, na daktari aulizwe kuhusu chanzo cha kifo kabla ya cheti kuandikwa. Pesa zilizokuwa zimeshaamuliwa ni sehemu ya mirathi. Familia za Kiislamu huzipeleka kwa Kadhi.

20. Baba hataki. Anasema hawezi kuombaomba uzeeni.

Msimburute. Lakini mwonyesheni taarifa ya NSSF: majina ya kazi alizofanya, miaka, makato ya kila mwezi. Wazee wengi hulegea wakiona jina lao kwenye karatasi ile, kwa kuwa aliyekatwa mshahara miaka ishirini haombi kitu cha mtu. Akishikilia, uamuzi ni wake. Mwambieni tu tarehe ya mwisho ni ipi, mara moja, mbele ya mtu anayemheshimu.

21. Muda wa rufaa umeshapita. Basi?

Kwanza hesabuni upya, kwa sababu siku za rufaa ya mahakamani zinahesabiwa tangu kupokea jibu la maandishi, na wengi hawajawahi kulipokea (swali la 2). Zikiwa zimepita kweli, ombeni ruhusa ya kuchelewa mara moja, mkieleza kila kipindi cha ukimya: kulazwa, msiba, barabara ya Garsen kukatika kwa mafuriko, na vithibitisho vyake. Ruhusa si ya lazima, na mkikaa zaidi baada ya kugundua, inazidi kuwa ngumu.

Kwa NSSF na Inua Jamii kuna mlango mwingine: hali ikizidi, wasilisheni ombi jipya kwa ripoti mpya, badala ya kugombania lile la zamani. Na ikiwa ofisi ndiyo iliyokalia faili hadi muda ukaisha, pelekeni nakala zenye muhuri kwa Ombudsman.